Ole Wetu Tusipofundisha: Hoja ya Madarasa ya Sanaa kwa Misimu Kisiwani Pemba

Nianze na dai ambalo najua litawaudhi baadhi ya wasomaji wangu wa maofisini. Pemba haikosi wasanii. Haikosi watoto wenye vipaji, wala haikosi wazee wenye maarifa. Inachokikosa ni dola iliyo tayari kuwalipa wazee hao wawafundishe watoto hao, kwa ratiba inayojulikana, katika nyumba ambayo haifungwi siku mfadhili anapoondoka. Mengine tunayoambiwa, kwamba bajeti haitoshi, kwamba wananchi hawajahamasika, kwamba wakati bado, ni visingizio vya watu ambao hawajawahi kulipiga hesabu jambo lenyewe.

Ninachokitetea ni kitu kidogo na mahususi: kituo cha sanaa cha jamii hapa Ole, chenye madarasa yanayofuata misimu ya mwaka, na yaliyo wazi kwa kila umri. Mtoto wa miaka saba aingie, na bibi wa miaka sabini aingie. Mwalimu wa skuli aliyemaliza vipindi vyake saa nane aingie, na mvuvi ambaye bahari imechafuka asibaki barazani akihesabu mawingu.

Kwa nini Ole, wala si Chake Chake au Wete? Kwa sababu miji hiyo miwili tayari ina ofisi, benki na kumbi za mikutano, na kila kinachotoka Unguja hutua huko kwanza na aghalabu hubaki huko huko. Ole ni shamba, lakini ni shamba lenye njia. Barabara inayotuunganisha na Kengeja, kusini ya kisiwa, inaanzia hapa. Tumejengewa njia ya kupitishia mazao na abiria. Haki yetu ni kudai pia mahali pa watu kusimama na kujifunza. Na iwapo kituo cha sanaa kitawekwa mjini tu, mtoto wa shamba atakijua kama anavyovijua vingine vyote vya mjini: kwa kusimuliwa.

Wapo watakaouliza ni sanaa gani hiyo ya Ole inayostahili kufundishwa darasani. Swali hilo huulizwa na watu waliokalia mkeka huku wakiulizia ulipo. Nitaanza na jamvi, kwa sababu jamvi linagusa mfuko wa serikali. Kwa miaka mingi Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likiwahimiza wakulima waanike karafuu zao juu ya majamvi na waache kuzimwaga kwenye lami, ambako huchanganyika na mchanga na uchafu na kushuka daraja. Ushauri ni mzuri. Lakini jamvi haliletwi na tangazo la redio. Lazima mtu aende akakate miyaa, aianike, aichane, asuke ukili pima kwa pima, kisha aushone ukili huo mpaka uwe jamvi. Kazi hiyo inafanywa na wanawake, wengi wao watu wazima sana, na binti zao hawaoni sababu ya kuirithi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni elimu. Nchi inayoitegemea karafuu kwa fedha za kigeni imeuacha ufundi unaoihifadhi karafuu hiyo mikononi mwa bibi ambao hawana cheti, hawana mshahara, na hawana wanafunzi. Huo ndio uchumi wetu, na bado tunaambiwa sanaa ni anasa.

Chukua kofia ya viua. Huanza kwa mchoro, kisha kitambaa hutobolewa tundu kwa tundu, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri humchukua mshoni wiki kadhaa. Omani huivaa na kuiita kumma, na ni vazi la heshima la taifa zima. Aliyeshona kofia hiyo katika kijiji cha Pemba hupata sehemu ndogo ya bei yake, kwa sababu hana jina wala soko lake mwenyewe, na hana mahali pa kukutana na washoni wenzake wakakubaliana bei. Mashine zimekwishaingia na kofia zao za bei rahisi. Kitakachomwokoa mshoni wetu ni ubora na ubunifu wa michoro, na hayo mawili hukuzwa kwa kufundishana. Hayakui kwa kila mtu kujifungia na sindano yake chumbani.

Baada ya mikono, njoo kwenye ulimi na miguu. Pemba ina msewe, ngoma inayochezwa kwa njuga za majani makavu zilizofungwa miguuni. Ina kyaso. Ina kibati, ambamo wachezaji hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo huku ngoma zikienda mbio, na asiye na akili ya haraka hurudi kwao na aibu. Kisiwa hiki ndicho kilichowatoa Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini, ambao tungo zao zilipata kukusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kila mwaka wa masomo ninawauliza wanafunzi wangu wanaotoka Pemba ni nani kati yao aliyewahi kuvisikia vishairi vya wawili hao kabla ya kufika chuo kikuu. Mikono inayonyooka haizidi vidole vya mkono mmoja. Vijana hao wamefaulu mitihani yote tuliyowatungia. Ni sisi tuliotunga mitihani isiyowauliza wanatoka wapi.

Sasa nije kwenye adui mwenyewe wa hoja hii, naye si umasikini. Ni semina.

Kila anayefanya kazi serikalini au katika asasi za kiraia anaijua sura yake. Bango jipya linachapishwa, likiwa na nembo nne. Washiriki thelathini wanaitwa ukumbini kwa siku tatu. Mada ni "kukuza vipaji vya vijana" au "kuhifadhi urithi wetu". Siku ya kwanza ni ufunguzi na mgeni rasmi. Siku ya pili ni kazi za vikundi kwenye makaratasi makubwa. Siku ya tatu ni vyeti, picha ya pamoja, nauli na posho. Mzee anayeijua ngoma anaalikwa kutumbuiza wakati wa chakula cha mchana. Yeye ambaye angepaswa kuwa mwalimu amefanywa kiburudisho cha waliokuja kujadili namna ya kumhifadhi. Mwezi unaofuata inaandikwa ripoti kwamba vijana thelathini "wamejengewa uwezo". Ukimwita mmoja wao umpe ukindu, hajui aushike wapi.

Sina ugomvi na posho ya mtu. Ugomvi wangu ni na hesabu. Fedha inayoteketea katika semina moja ya siku tatu, kwa ukumbi, chakula, bango na usafiri wa wageni kutoka Unguja, ingewalipa mafundi kadhaa wa kijijini kwa msimu mzima. Ufundi haufundishiki kwa siku tatu. Ukili unataka wiki za kuharibu na kufumua. Udi unataka miezi kabla vidole havijaacha kuuma. Msimu ndicho kipimo cha chini kabisa cha kufundisha sanaa, na ndiyo sababu mwaka wetu wenyewe ndio mtaala bora kuliko wowote tutakaoazimwa.

Utazame mwaka huo. Masika, mvua inapowarudisha watu majumbani mchana, ni wakati wa kazi za kukaa: ukili, mikeka, kofia, michoro. Kipupwe, jua likiwa la kiasi na skuli zikiwa na likizo ya Juni, ni wakati wa watoto: kuchora, kuchonga, ngoma za uwanjani, mchezo wa kuigiza. Vuli, ambapo karafuu huwaita watu mashambani, darasa lihamie usiku na liwe la maneno: hadithi, ushairi, kibati, kwa kuwa mtu aliyeshinda juu ya mkarafuu hana nguvu ya kucheza lakini ana kiu ya kusikiliza. Kaskazi ikianza kuvuma, ni wakati wa muziki na wa maonyesho, kila darasa lilete kilichofanyika mwaka mzima mbele ya watu. Na Ramadhani, msimu wowote itakaoangukia, ina kazi zake: khati za Kiarabu, kasida, na kofia za sikukuu. Mpangilio huu hauhitaji mshauri mwelekezi kutoka nje. Unahitaji mtu anayeijua kalenda ya mkulima na mvuvi, na watu hao wamejaa Ole.

Zanzibar inao mfano wake wa kujifunzia, na mfano huo una somo chungu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake cha DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Kimefundisha taarabu, kidumbaki na ngoma. Kimewatia vijana mikononi udi, kanuni na fidla. Na wahitimu wake wamepanda majukwaa ya dunia. Hakuna anayeweza kusema hakikufanya kazi. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kwamba kiko katika hatari ya kufunga milango, kwa kuwa ufadhili wa nje kilioutegemea ulikuwa umekauka na ada ya wanafunzi haikuweza kuziba pengo. Muziki unaoitambulisha Zanzibar katika kila tangazo la utalii ulikuwa ukiombewa michango kama msiba wa mtu asiye na ndugu.

Linganisha na Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na leo ni taasisi ya serikali inayoitwa TaSUBa. Mwaka 2002, mwaka ule ule DCMA inazaliwa, ukumbi wake mkubwa wa maonyesho uliteketea kwa moto. Wafadhili walisaidia kuujenga upya, lakini chuo chenyewe hakikuwa kimekufa hata kabla ya ukumbi mpya kusimama, kwa sababu kilikuwa cha dola na kilikuwa na walimu wa dola. Moto ulichukua jengo na taasisi ikabaki. Kwetu jengo lilibaki zima na taasisi ikakaribia kuondoka. Anayetaka kujenga kituo Ole na asijifunze hapo atakuwa anachimba msingi juu ya mchanga wa pwani.

Kuna somo jingine, nalo limepita chini ya bahari. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa kebo kutoka Tanga, na mgharimiaji mkubwa wa mradi huo alikuwa Norwe. Tuliushukuru msaada huo, na tulistahili kushukuru. Lakini hatukuuliza Wanorwe wanafanya nini kwao. Tangu mwaka 1997 sheria yao ya elimu inailazimisha kila manispaa, peke yake au kwa kushirikiana na jirani zake, iwe na skuli ya muziki na utamaduni kwa watoto na vijana. Kwao hilo si suala la hisani ya waziri wala la mradi wa miaka miwili. Ni wajibu wa serikali ya mtaa, kama maji na barabara. Sisi tulipokea waya na hatukupokea wazo, ilhali wazo lilikuwa rahisi kulisafirisha.

Atakayesema kwamba Norwe ni tajiri, basi aitazame Goma, mashariki ya Kongo. Mji huo umepitiwa na vita juu ya vita, na volkano ya Nyiragongo imeumwagia moto mwaka 2002 na ikarudi mwaka 2021. Katika mji huo huo kituo cha Yole!Africa kimekuwa kikiwafundisha vijana filamu, muziki na ngoma. Waliokianzisha hawakusubiri amani ije kwanza. Waliona kwamba kijana asiye na pa kusemea jambo lake atapewa bunduki ya kulisemea.

Nijibu sasa pingamizi tatu ninazozisikia kila ninapolizungumza jambo hili.

Ya kwanza ni kwamba watu wana njaa, na sanaa haijazi tumbo. Pingamizi hii haitolewi dhidi ya mpira. Uwanja wa Amaan ulikarabatiwa kwa fedha nyingi na kufunguliwa upya Disemba 2023, na hakuna aliyesimama kuuliza kama kila mtoto atakayeingia mle atakuwa mchezaji wa kulipwa. Tulikubali, na mimi nakubali, kwamba mchezo ni sehemu ya maisha ya binadamu kamili. Kwa nini basi mtoto anayeshika brashi atakiwe alete mpango wa biashara kabla hajapewa karatasi? Na nimekwishaonyesha kwamba jamvi na kofia vinalisha watu. Anayetumia hoja ya njaa dhidi ya ufundi unaoondoa njaa ana sababu nyingine ambayo hajaitaja.

Ya pili ni ya dini, nayo naiheshimu zaidi kwa sababu hutolewa na watu wenye nia njema. Wazazi wanaogopa kwamba kituo cha sanaa kitakuwa mlango wa uhuni. Hofu hiyo ina chanzo: sanaa ambayo mzazi wa Pemba anaiona kwenye simu ya mtoto wake haikutengenezwa kwa ajili ya kumlea mtu. Lakini dawa ya sanaa mbovu ni sanaa njema, iliyo chini ya macho ya jamii. Kasida ni sanaa. Khati iliyoandikwa juu ya mihrabu ni sanaa. Tenzi walizosomewa mama zetu ni sanaa, na kofia tunayoivaa kwenda nayo kuswali Idi ni sanaa. Masheikh na walimu wa madrasa wanapaswa kukaa kwenye kamati ya kituo tangu siku ya kwanza, wakajadili kipi kifundishwe, nani akifundishe, na wanawake na wanaume wapangiwe vipi saa zao. Mwenye hofu akiwa ndani ya nyumba, husaidia kuilinda. Akiachwa nje, ataipiga mawe.

Ya tatu ni ya watumishi wenzetu wa serikali: kwamba tayari vipo vituo vya mafunzo ya amali, Vitongoji na Daya Mtambwe. Vipo, na vinafanya kazi kubwa. Lakini mafunzo ya amali humchukua kijana wa umri fulani, kwa muda wote, kwa lengo la ajira. Hayana nafasi kwa mtoto wa darasa la pili, wala kwa karani wa miaka hamsini anayetaka kujifunza fidla, wala kwa bibi anayejua lakini hajui kusoma. Kituo ninachokisema hakishindani na hivyo. Kitavipelekea wanafunzi waliokwishaizoesha mikono yao kazi.

Nimeliacha mwisho jambo zito kuliko yote. Pemba ni kisiwa chenye majeraha. Januari 2001 watu waliuawa hapa wakati maandamano yalipozimwa kwa risasi, na wengine wengi walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi. Muafaka ulitiwa saini baadaye mwaka huo huo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hayo yalikuwa makubaliano ya viongozi, yaliyofanyika mezani, na umuhimu wake siupuuzi. Lakini vijijini tunajua ilivyokuwa: watu hawakuzikana, hawakununua katika duka la mwenye bendera nyingine, waliswali katika misikiti mbalimbali. Baada ya makubaliano hayo, ni wapi mtoto wa upande huu amewekwa benchi moja na mtoto wa upande ule, wakafanya kitu kwa mikono minne? Ni ukumbi gani ambamo wazee wa Pemba wameweza kuyasimulia waliyoyaona, kwa shairi au kwa mchezo, bila simulizi hiyo kugeuzwa mkutano wa hadhara? Kibati kilitufundisha zamani namna ya kupigana kwa maneno na kisha kurudi nyumbani pamoja. Tumeiacha skuli hiyo ife, halafu kila baada ya miaka mitano tunashangaa kwamba vijana hawajui kubishana bila kuumizana.

Sidai kwamba darasa la kuchora litafuta damu. Nadai kwamba watu wasio na mahali pa pamoja pa kusema watasema mahali pengine, na kwa njia nyingine.

Basi ninaomba yafuatayo, kwa majina ya ofisi zinazohusika. Wizara yenye dhamana ya utamaduni itenge fungu la kudumu, hata liwe dogo, la mishahara ya mratibu mmoja na malipo ya mafundi kwa saa, na fungu hilo liandikwe katika bajeti kuu na lisiachiwe miradi. Wizara ya Elimu ifungue madarasa ya skuli ambayo jioni hubaki na kufuli, ili kituo kianze msimu ujao bila kusubiri jengo. Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lionyeshe kwamba neno la kwanza katika jina lake lina uzito kuliko la pili, kwa kuwatambua rasmi mafundi wetu wa vijijini kuwa walimu. Mwakilishi wetu atueleze hadharani ni kiasi gani cha Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo kimewahi kwenda katika sanaa, na kama jibu ni sifuri, alitamke neno sifuri.

Kwenu wanafunzi, mnaporudi likizo msije na mikono mitupu. Mtafuteni fundi mmoja katika shehia yenu, mkae naye, mrekodi, mjifunze, na mumlipe chochote mlicho nacho, kwa sababu elimu yake si ya bure kuliko ya kwangu. Kwenu wanaharakati, semina ijayo mkiandikiwa bajeti ya bango, ulizeni bango hilo lingenunua miyaa ya darasa zima au la. Na kwenu watumishi wa umma, ambao najua mnaisoma makala hii katika saa za kazi, barua ya kuomba fungu ina kurasa mbili tu. Iandikeni. Wazee wanaotusubiri Ole hawana misimu mingi ya kutusubiri.